Mbeba boksi naye anaweza kukaa Austin

(Niliongea haya kwa mkutano wa jamii yetu hapa Tarrant County, Texas. Watu wameomba niyaandike, nimeyaandika vile nilivyosema, utani na yote.)

Wazee wangu, akina mama, vijana, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi, habari za jioni. Nimepewa dakika 20 na mwenyekiti amekaa hapa mbele ameshika simu ananihesabia, alafu harufu ya pilau nayo mnaisikia, kwa hiyo najua nashindana na nani, sitawazungusha.

Nataka tuongee juu ya bunge la jimbo. Sio Kongresi, sio ikulu ya Washington, hapana, nasema lile bunge la Austin ambalo hapa ukumbini watu wengi hata jengo lake hawajaliona. Kwa magrupu yetu ya WhatsApp tunapigana usiku kucha juu ya Trump, juu ya Ruto, juu ya Tshisekedi, juu ya Dodoma, lakini uliza mtu yeyote seneta wako wa bunge la Austin ni nani, atakuangalia kama umemuuliza jina la mbwa wa jirani. Na huyo ndiye anayekupangia maisha ya shifti yako kuliko hao wote.

Mnabisha? Haya, kesho ukiingia kazini, nenda pale mnapokula chakula, karibu na maikrowevu, ule ukuta umejaa makaratasi ambayo hakuna mtu husoma. Tafuta moja imeandikwa Kingereza na Kihispania, inakuambia kama mwajiri wako ana bima ya ajali za kazini ama hana. Isome yote. Manake majimbo mengine karibu yote humu Marekani yanamlazimisha mwajiri abebe hiyo bima, Texas inamwachia achague mwenyewe. Akitaka anabeba, asipotaka habebi, na sheria inamtaka tu akujulishe, ndio hiyo karatasi imebandikwa pale unapopashia ugali.

Kuna kijana wetu, mtu wa Bukavu, simtaji jina ingawa wengi mnamjua, alikuwa kwa ghala moja huko kaskazini. Zile trolli za kuvuta paleti, jamaa mwingine amevuta bila kuangalia nyuma, ikampanda mguu, vidole viwili vikapondwa. Akapelekwa kwa daktari wa kampuni, akapewa buti la plastiki, wiki chache baadaye akaambiwa ule mpango wao wa matibabu umefika mwisho wake, kwa hiyo aidha arudi kwa paleti ama abaki nyumbani bila mshahara. Tukasema basi tumtafutie wakili. Wakili akauliza swali moja tu, siku ya kwanza kazini ulisaini nini? Kijana anasema alipewa tableti, akaambiwa bonyeza hapa, bonyeza hapa, bonyeza hapa. Kumbe mojawapo ya hizo bonyeza alikubali kwamba hatashtaki mahakamani, ataenda kwa msuluhishi. Hizo pesa za kodi ya nyumba miezi ile tulichanga sisi, wengine mko hapa mlichanga na mlichelewa kutuma nawajua.

Sasa hiyo sheria ya bima haikuandikwa Washington. Rais yeyote mnayempenda ama mnayemchukia hakuigusa. Imekaa pale kwa sababu ya watu 181 wa Austin, wabunge 150 na maseneta 31, wao ndio wanaweza kuibadilisha na mpaka leo hawajataka.

Nipe mfano mwingine, wa jua. Mimi napakia mizigo ya ndege pale uwanja wa ndege wa DFW, mwezi wa nane ile lami inapika viatu, na ndani ya tumbo la ndege ndio kubaya zaidi, unaingia umepiga magoti unatoka umelowa kama umetoka kisimani. Mji wa Austin uliweka sheria 2010, Dallas ikafuata 2015, wajenzi wapewe angalau dakika 10 kila saa nne wakae kivulini wanywe maji. Dakika kumi jamani! Mwaka 2023 bunge likapitisha sheria inaitwa HB 2127, watu wakaibatiza jina la Death Star, ile silaha ya filamu za Star Wars, inasema kwamba miji isiweke kanuni zinazozidi za jimbo kwa mambo mengi ya kazi na biashara, na hizo dakika kumi zikawa ndani ya kapu hilo. Gavana Abbott alisaini mwezi wa sita, na mnakumbuka kiangazi cha 2023 kilivyokuwa hapa.

Sasa mtaniuliza, hao watu 181 ni kina nani? Mawakili wengi, wenye biashara, wenye mashamba na majengo. Siwatukani, kuna wazuri, lakini angalia malipo uone. Mbunge wa Texas analipwa dola 600 kwa mwezi. Sijakosea, mia sita, na katiba ndio imesema hivyo, yaani 7,200 kwa mwaka, pamoja na posho ya zaidi ya dola 200 kwa kila siku bunge linapokaa, nalo linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili, kuanzia Januari. MCA, yaani diwani wa kaunti wa kwetu Kenya, akisikia mia sita atacheka mpaka aanguke kwa kiti. Kwa hiyo mtu wa shifti, mwenye watoto watatu na kodi ya nyumba, atamwambia supavaiza wake nini? Kwamba naenda Austin miezi mitano nitarudi? Wakati mwenye kampuni ya mawakili anaacha ofisi inaendelea kumletea pesa. Ndio maana bungeni hamna wabeba boksi, sio ati hawana akili.

Na bado mara moja moja mmoja anapenya. Huyu hapa kwetu wengi mlipiga kura mnamjua, wengine mlilala. Taylor Rehmet, alikuwa Jeshi la Anga, akawa fundi wa ndege na kiongozi wa chama cha mafundi mitambo, wale tunawaita Machinists. Ni mtu wa Democrat, na alikuwa hajawahi kugombea kitu chochote cha serikali. Kiti cha Seneti cha wilaya ya 9 kikawa wazi, kiti ambacho Trump alishinda 2024 kwa pointi kama 17, kila mtu akasema hapo ni kwa Republican, usipoteze petroli yako. Mpinzani wake alikuwa na pesa zaidi, na Trump mwenyewe akamuunga mkono mpinzani. Jamaa akaongoza raundi ya kwanza Novemba 2025, alafu Jumamosi ya tarehe 31 Januari 2026 akashinda duru ya pili kwa asilimia kama 57.

Sasa tusilewe. Hicho kipindi alichomalizia kinaisha Januari 2027, na bunge lenyewe linarudi kukaa tarehe 12 Januari 2027, kwa hiyo bila gavana kuita kikao maalum mtu anaweza kuitwa seneta karibu mwaka mzima asipige kura hata moja ya sheria, ni lazima apigane tena Novemba 2026 kupata hicho kiti kwa kweli. Na uchaguzi mdogo watu wachache ndio hujitokeza, kwa hiyo anayebisha milango mingi anafaidika, uchaguzi mkuu wa Novemba ni kitu kingine. Sisemi mmpigie yeye, hapa tuko Democrat, tuko Republican, na tuko wale wa mimi siasa siwezi. Nasema mwangalie alivyofika pale.

Magazeti yalikuwa yanapenda ile ya veterani, picha na bendera. Mimi mwenyewe ni veterani, wacha niwaambie ukweli, jeshi halikufundishi kuomba kura. Nilikuja hapa na viza ya masomo, mwaka 2009 jeshi likafungua ile programu ya MAVNI, waliokuwa hawana grin kadi lakini wana lugha fulani, na Kiswahili kilikuwa kwa orodha, Wakenya wengi wa rika langu ndio mlango tuliopitia mpaka walipoifunga 2016. Nikaapishwa uraia kabla hata sijamaliza mafunzo ya kwanza. Nashukuru sana. Na hata faida zangu za uveterani, nyingine zimetoka Austin, ile Hazlewood ya kusoma chuo cha umma bila karo mpaka saa za masomo 150, na zikibaki unampa mtoto, hiyo ni sheria ya Texas. Kwa hiyo jeshi limenipa nidhamu, uraia na goti bovu. Lakini jeshini sajini akisema simama unasimama, hakuna mtu anakushawishi. Ukitoka pale ukidhani ukivaa kofia ya veterani watu watakusimamia foleni wakupigie kura, utashangaa.

Mahali nilijifunza kuongea na mtu asiyetaka kunisikiliza ni yunioni. Niliwekwa shopstiwadi, yaani mwakilishi wa wafanyakazi, kwa sababu hakuna mwingine alitaka, hiyo ndio demokrasia yetu. Na kazi ya shopstiwadi ni nini? Mtu ameandikiwa barua ya onyo, anakuja analia ama anatukana, unakaa naye, unamuuliza maswali kumi kabla hujajua ukweli, manake mfanyakazi naye anaficha, tusidanganyane. Unafungua mkataba, ule ukurasa ambao hakuna mtu amesoma, unatafuta kifungu. Unaingia kwa meneja na karatasi, sio na hasira. Alafu ikifika kupiga kura ya mkataba mpya unapita mtu kwa mtu, mweusi, Mmeksiko, Mvietinamu, mzungu wa kijijini mwenye kofia nyekundu ya Trump, na huyo wa kofia nyekundu kura yake unaihitaji kama ya mwingine, na huwezi kumwamuru. Unahesabu ndio ngapi, hapana ngapi, na wale wa "nitaona" unawaweka kwa hapana mpaka wathibitishe. Mtu amefanya hiyo kazi miaka mitano, mwambie agombee, anajua tayari kazi yenyewe. Hata hapa Fort Worth, 2012 wale Machinists wa Lockheed, kiwanda cha ndege za kivita, walitoka nje mgomo wiki kumi hivi juu ya pensheni ya watu ambao walikuwa hawajaajiriwa bado, watakaokuja. Kumshawishi mtu akose mshahara wiki kumi kwa ajili ya mgeni asiyemjua, hiyo kampeni gani ya siasa ni ngumu kuliko hiyo?

Na yunioni inakupa watu. Kampeni ya bunge la jimbo ni miguu. Wilaya moja ya seneti Texas ina watu zaidi ya 900,000, ni kubwa kuliko wilaya ya mbunge wa Washington, ya mbunge wa chini ina karibu 194,000. Mnabisha milango Jumamosi kwa Jumamosi, siku hizi hata mtu humuoni, unaongea na kamera ya kengele. Nilisimama mlango mmoja naongea na kamera dakika nzima, nimejieleza vizuri, mwishowe sauti ya bibi ikaniambia mwanangu mimi niko Oklahoma kwa mjukuu, lakini endelea unaongea vizuri. Akaniuliza lafudhi yangu ni ya wapi, tukaongea Kenya, tukaongea magoti, na alisema atapiga kura kwa posta kwa sababu ana zaidi ya miaka 65. Hiyo kura pesa ya matangazo haingeipata.

Wengine mtasema haya mambo ya yunioni na siasa ni ya wazungu. Ebu tulieni. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi, akaanzisha yunioni ya wafanyakazi wa serikali za mitaa, akaongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi, 1957 akaingia LegCo, lile bunge la enzi za ukoloni. Watanzania, Rashidi Kawawa naye alitoka Tanganyika Federation of Labour, 1962 akawa waziri mkuu. Na yule ninayempenda mimi kuliko wote ni Bildad Kaggia, manake alikuwa vyote viwili, alikuwa mwanajeshi Vita vya Pili, akarudi akawa mtu wa yunioni, akafungwa pamoja na kina Kenyatta kwa ile kesi ya Mau Mau ya Kapenguria, 1963 akachaguliwa mbunge wa Kandara. Akakataa kunyamaza juu ya ardhi ya maskini, akapoteza uwaziri mdogo. Mzee Kenyatta akamuuliza hadharani wewe Kaggia umejifanyia nini, wenzako wana mashamba. Vijana mnaozaliwa hapa na mnasoma hii historia kwa simu, hilo swali lilikusudiwa kumuaibisha, ukiniuliza mimi lilimpamba.

Na sio zamani tu. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa bunge la Minnesota 2024, wilaya ya huko Brooklyn Park. Minnesota kuna baridi lakini watu wetu kule wamejipanga, wacha tuseme ukweli, na kule vyama vya wafanyakazi vina nguvu, hapa Texas wenye yunioni hawafiki sita kati ya kila wafanyakazi 100. Hapa tuko na hii sheria ya right to work tangu 1947, kwamba hakuna mtu atalazimishwa kulipa ada hata kama mkataba unamtetea. Sisi wa ndege tuko chini ya sheria nyingine ya reli na ndege, ya 1926, hiyo right to work haitugusi, lakini wewe wa ghala na wa kiwanda cha nyama inakugusa, kwa hiyo mkianza yunioni mtaanza na wachache na mtawabeba wengine bure. Inaudhi. Bado inawezekana.

Sasa sikilizeni hapa vizuri, hii sehemu nawaomba msinisinzie. Kama huna uraia, USIJIANDIKISHE KUPIGA KURA. Grin kadi sio uraia. Ukienda kuchukua leseni ama ukakutana na mtu na klipubodi nje ya duka la Walmart akakuuliza unataka kujiandikisha, sema asante, hapana. Watu wamefungwa hapa Tarrant kwa kura, na kwa mgeni inaweza kukurudisha nyumbani na watoto ukawaacha. Lakini mwenye grin kadi anaruhusiwa kubisha milango, kupiga simu, hata kuchangia kampeni kwa pesa yake mwenyewe. Na mliopata uraia, Texas hakuna kujiandikisha kwa mtandao, isipokuwa ukiwa unahuisha leseni ya udereva mtandaoni, kwa wengine ni fomu ya karatasi, saini, ifike ama ipigwe muhuri wa posta siku 30 kabla ya uchaguzi. Ukihama nyumba, badilisha. Dada zangu wa kutunza wazee mnahama kila lisi ikiisha alafu mnashangaa jina haliko.

Mwisho, msiniulize kama nagombea. Sigombei, mke wangu amekataa na akipewa maikrofoni hapa atawaeleza sababu mtamuunga mkono. Ninachotaka ni huyu mtu mwingine ambaye yuko humu ndani na anajifanya simwongelei. Kugombea bunge la chini ni uwe raia, miaka 21, umeishi Texas miaka miwili na wilayani mwaka mmoja, ada ya fomu ni dola 750 ama ulete saini 500. Hizo 750 tunachanga jioni moja, tumechanga zaidi ya hapo kwa harusi ambazo ndoa zenyewe hazikumaliza mwaka. Fomu za 2028 zinafunguliwa mwisho wa 2027. Miezi mitano ya Austin ndio shida, na hapo ndio nasema anza na yunioni, mikataba mingine ina kifungu cha likizo bila malipo ukichaguliwa kazi ya umma, na kama wako hauna, hicho kiwe kitu cha kwanza unaomba mkikaa mezani. Huwezi, anza na bodi ya shule, wanakaa jioni.

Nimeleta fomu za kujiandikisha, ziko kwa Mama Kevo pale mlangoni, usichukue kama huna uraia nimesema. Na nimeleta nakala ya ile karatasi ya bima ya ajali niliyowaambia, tumeitafsiri Kiswahili upande wa nyuma. Mwenyekiti, dakika zangu zimeisha? Bado mbili? Basi maswali, wewe wa shati la Harambee Stars umeinua mkono tangu nilipotaja Kaggia, simama uulize.